Jaketi la Saizi Moja: Usalama wa Watoto Shuleni na Neno Insafu

Asubuhi moja ya msimu wa kaskazi nilisimama gatini Lamu nikiwahesabu watoto wakiingia mashuani. Walikuwa 34. Tulikuwa tukiwapeleka kisiwani Manda kuangalia magofu ya Takwa, safari ambayo sharti ifuate maji, kwa kuwa mkono wa bahari unaofika pale haupitiki maji yakikupwa. Majaketi ya kuokolea nayo yalikuwa 34. Niliyahesabu mara mbili, nikaandika daftarini, nikaridhika. Ndipo mama mmoja, aliyekuja kumsindikiza binti yake wa darasa la pili, akamwita nahodha.

"Nahodha, hili jaketi la mwanangu mbona lamfika magotini?"

"Majaketi ndiyo hayo, bibiye. Yote saizi moja."

Yule mama hakubishana. Alimwambia mtoto ainue mikono, akalishika jaketi mabegani, akalivuta juu. Likatoka zima, mikanda ikiwa imefungwa vilevile.

"Bahari itafanya hivi," akasema.

Tulichelewa kuondoka tukiazima majaketi madogo kwa boti za watalii palepale gatini. Tulikwenda, tukarudi salama kabla ya maji kupwa. Lakini daftari langu lilinisumbua kwa siku nyingi. Nilikuwa nimeandika "majaketi 34, watoto 34", na hesabu ilikuwa sahihi. Mkaguzi yeyote angeitia sahihi. Na bado mtoto mmoja alikuwa anakwenda baharini akiwa hana kitu.

Tangu siku ile, ninapomsikia mtu akisema shule yake ni salama, huuliza: kwa mtoto yupi?

Hapa kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Usawa ni kumpa kila mtoto kitu kilekile. Insafu ni kumpa kila mtoto kile kitakachomfikisha alipofika mwenzake. Jaketi moja kwa kila kichwa ni usawa, jaketi linalomkaa mtoto mwilini ni insafu. Katika mambo mengi ya shule tofauti hii haileti madhara makubwa. Katika usalama inaweza kuleta msiba, kwa sababu kanuni za usalama karibu zote huandikwa kwa kumfikiria mtoto mmoja wa kati: anasikia, anaona, ana mbio, ana afya, anakielewa Kiswahili cha mwalimu, amekula asubuhi, na ana mtu mzima nyumbani atakayesoma barua. Mtoto huyo yupo. Darasani mwangu, hata hivyo, sikuwahi kumpata akiwa na sifa zote hizo kwa siku nyingi mfululizo.

Sheria ya Kenya imeliona jambo hili. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kudhulumiwa, kutelekezwa, mila zenye madhara na ukatili wa kila namna, na inasema maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Hapo ni "kila mtoto". Lakini Ibara ya 54 inaongeza kwa mtu mwenye ulemavu: afikie taasisi za elimu, apate lugha ya ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Ibara ya 56 nayo inazitaja jamii za wachache na zilizotengwa. Maana yake Katiba imetoa jaketi kwa wote, kisha ikarudi nyuma kuuliza nani halimkai.

Kanuni isiyompendelea mtu

Nianze na mfano ambao nadhani hauzungumzwi vya kutosha huku pwani: sikoseli. Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, na upo zaidi katika nchi ambazo malaria imekaa miaka mingi, kwa kuwa mtu aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana si ajabu kuukuta Lamu, Malindi au Kilifi. Aliyerithi pande zote mbili huwa chembe zake nyekundu za damu zinajikunja mfano wa mundu na kukwama katika mishipa midogo. Hapo huja maumivu ya mifupa, kifua au tumbo ambayo mtu mzima hangeyastahimili. Yanayoyachochea yanajulikana: mwili kukosa maji, baridi, uchovu, homa. Zaidi ya hayo, figo za mtoto huyu hushindwa kuzuia maji mwilini kama za mwingine, hivyo hukojoa sana na huhitaji kunywa sana.

Sasa chukua kanuni ya kawaida kabisa ya shule: hakuna kutoka darasani mpaka kengele ilie. Haimchukii mtu, inawahusu wote, hata mwalimu mwema anaweza kuiweka ili asomeshe kwa utulivu. Kwa watoto 45 ni adabu. Kwa mtoto mmoja ni kuambiwa achague kati ya kujikojolea mbele ya wenzake na kukaa na kiu. Watoto huchagua kiu. Huanza asubuhi kujinyima maji ili wasiaibike, na jioni maumivu yanawashika, na nyumbani watu husema kajukuu kana uvivu wa shule.

Au chukua adhabu ya kupigishwa magoti juani. Ni vibaya kwa yeyote. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu za kuumiza mwili na mateso ya akili, na anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa miezi isiyozidi sita, au vyote viwili. Lakini hata mwalimu anayejiambia kwamba jua la dakika 20 halijaua mtu, ajue kwamba kwa mwenye sikoseli linaweza kumpeleka hospitali. Mwenye ualbino naye ataungua ngozi, na kila kuungua kunamsogeza karibu na saratani. Adhabu ni ileile. Miili ndiyo tofauti.

Nimewahi kuambiwa, "Mwalimu, ukimruhusu mmoja watatoka wote." Nilijaribu. Niliweka chupa ya maji mezani kwa kila mtoto, na ruhusa ya kutoka kwa kuinua kadi bila kusema neno. Wiki ya kwanza walitoka wengi. Wiki ya tatu walikuwa wakitoka wenye haja tu. Na yule mtoto mwenye sikoseli hakuonekana kupewa upendeleo wowote, maana kila mtu alikuwa na chupa.

Kengele ambayo si wote wanaoisikia

Moto ndio umeandika sehemu kubwa ya kanuni za usalama wa shule zetu. Mwaka 1998 wasichana walikufa katika bweni la Bombolulu hapa pwani. Mwaka 2001 wavulana 67 waliungua Kyanguli, Machakos, katika bweni ambalo madirisha yake yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni ulitolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, vitanda visisongamane. Hata hivyo Septemba 2024 wavulana 21 walikufa tena, Endarasha, Nyeri. Kwa hiyo sitasema kwamba mwongozo peke yake unatosha kwa mtoto yeyote.

Lakini soma kanuni hizo ukiwa na mtoto fulani akilini. Mlango umefunguka kwa nje, kengele imelia, nusu ya usiku. Asiyesikia yuko kitanda cha juu, kona ya mwisho. Nani anamwamsha? Ikiwa jibu ni "wenzake watamwambia", basi hakuna jibu, kwa sababu katika moshi kila mtu huikumbuka roho yake. Jibu ni watoto wawili waliotajwa kwa majina, ambao vitanda vyao viko jirani na chake na ambao wamefanya zoezi la kumgusa bega na kutoka naye. Ni yeye kulala karibu na mlango. Ni taa ya kuwaka na kuzimika kama ipo. Mtoto asiyeona anahitaji kuwa ameitembea njia ya kutokea mara nyingi, mkono ukutani, mpaka miguu yake iijue. Mwenye kiti cha magurudumu hapaswi kamwe kuwa na darasa la ghorofani, hata kama darasa lake lote limehamia huko. Lihamishwe darasa.

Mjini Lamu jambo hili lina uzito wake. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba, gari la zimamoto haliingii. Boriti ni za mikoko, na penye makuti cheche moja inatosha. Shule iliyo ndani ya mji isitegemee msaada utakaokuja kwa gari, na ndiyo maana zoezi la kutoka lina thamani zaidi ya mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani bila mtu kuujaribu. Na zoezi lifanywe wakati mbalimbali, hata mtoto mwenye magongo akiwa chooni, kwa maana moto hautasubiri atoke.

Mtoto hana maneno ya kusemea

Nimefika kwenye sehemu iliyo nzito zaidi kwangu.

Shule nyingi siku hizi zina sanduku la maoni, mwalimu wa ushauri, na bango lenye namba 116, ambayo ni ya simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini kote. Vyote ni vyema. Lakini kila kimoja kinadai kitu kwa mtoto. Sanduku linadai ajue kuandika. Mwalimu wa ushauri anadai wawe na lugha moja. Namba inadai simu. Anayeumizwa zaidi mara nyingi ndiye asiyekuwa na hivyo.

Fikiria watoto wa jamii ya Waaweer wa wadi ya Basuba, ndani ya msitu wa Boni. Tangu machafuko ya 2014 shule zao zilifungwa kwa vipindi virefu kwa sababu ya usalama, na baadhi yao wakapelekwa kusoma bwenini, mbali na wazazi wao. Mtoto wa miaka saba anayelala bwenini, lugha ya nyumbani kwao haizungumzwi na mtu mzima yeyote anayemwona jioni. Akiguswa vibaya, atamwambia nani, na kwa maneno gani? Huhitaji kufika Basuba. Mtoto wa Kizingitini, kisiwani Pate, aliyekulia katika lahaja ya Kitikuu, anapohojiwa na mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka bara juzi, hupoteza nusu ya anachotaka kusema. Hata Mwamu mwenyewe, yaani mtoto wa Lamu, nyumbani anasema *mato* na *ndia*, shuleni anasahihishwa kwa *macho* na *njia*. Hilo ni sawa katika insha. Siku anapoleta habari ya kuumizwa, mwalimu asimsahihishe hata herufi moja.

Tena kuna maneno ya mwili. Nyumba nyingi, kwa staha, hazina jina la sehemu za siri mbele ya watoto. Kila ukoo una jina lake la kificho. Mtoto akisema "kaniumiza dude langu", asiyejua atadhani ni mdoli. Staha ni tabia njema na sitaki tuiache. Lakini mtoto akijua neno moja safi ambalo mtu mzima yeyote atalielewa, amepewa ufunguo wa mlango wa kutokea.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili au asiyesema ndiye mwindwa rahisi kuliko wote, kwa sababu mdhalimu anajua hataaminiwa. Wengi hawajui kwamba Ibara ya 50 ya Katiba inaruhusu mahakama imsikilize mlalamikaji kupitia mtu wa kumsaidia kuwasiliana, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo ina kifungu cha kulinda mashahidi dhaifu. Hivyo basi "hawezi kusema" si sababu ya kufunga faili. Nao wavulana tusiwasahau. Tumewafundisha kwamba mwanamume halii, na wengine wamebeba ulawiti wa utotoni mpaka wamezeeka nao.

Tuna methali inayosema funika kombe mwanaharamu apite. Katika ugomvi wa majirani imewasitiri wengi. Katika jambo la mtoto kunajisiwa, imefunika watoto. Wazee hukaa barazani, mahari hutajwa au fedha za kumnyamazisha mtu, na mtoto hurudishwa darasani kukaa mbele ya yuleyule. Nani hasa hufunikwa? Mtoto wa fukara, mtoto wa mjane, mtoto wa kulelewa. Mwenye jina na ukoo mkubwa hupata wakili. Hapo ndipo ukosefu wa insafu unapokuwa wazi kama mchana.

Sheria haijaacha nafasi ya baraza. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Waraka wa Tume ya Kuajiri Walimu wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu aliyejua au kushuku aripoti ndani ya saa 24. Mwambie mzazi asimwoshe mtoto, ahifadhi nguo katika karatasi au mfuko wa kitambaa, na amfikishe hospitali mapema iwezekanavyo, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa ikianzwa ndani ya saa 72. Anayeishi Kiunga au Kiwayu, kwake saa 72 ni upepo, mafuta ya boti na nauli. Kwa hiyo shule ya visiwani iwe imekwisha kupanga nani atatoa boti na nani atalipa, kabla ya siku hiyo.

Siri, na nani aijue

Huwezi kumlinda mtoto usiyejua haja yake, na huwezi kutangaza haja yake bila kumdhuru. Hili ni fundo la kweli, na sioni kanuni moja ya kulifungua. Mwenye virusi vya UKIMWI analindwa na sheria ya 2006, hali yake haitangazwi. Mwenye kifafa hakuna njia ya kumsaidia kama aliye karibu hajui. Ninachofuata ni swali hili: nani atakayekuwa naye jambo likitokea, na anahitaji kujua kiasi gani? Mwalimu wa zamu anahitaji kujua kwamba mtoto akianguka alazwe ubavu, asiwekewe kitu mdomoni, saa itazamwe. Hahitaji historia ya ukoo wake wala maneno ya kupagawa na majini.

Wengine husema haya yote ni kazi nyingi kwa mwalimu mmoja mwenye watoto 50 au 60. Wana haki ya kusema. Serikali ina vituo vya upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu tangu 1984, na ina sera ya wanafunzi wenye ulemavu ya mwaka 2018, lakini kutoka kituo hadi kisiwa ni mbali. Sitamwambia mwalimu kwamba moyo wake utaziba pengo la bajeti. Ila kitanda cha karibu na mlango hakina bei. Kutompiga aliyechelewa kwa sababu mashua ilisubiri maji hakuna bei. Kufuli ya ndani katika choo cha wasichana ni shilingi chache, na bila hiyo taulo za hedhi ambazo sheria ya 2017 inaitaka serikali izitoe bure hazina pa kubadilishiwa.

Mji huu una kumbukumbu yake ya jambo hili. Habib Saleh, aliyejenga msikiti wa Riyadha mwanzoni mwa karne ya 20, aliwafungulia darsa watu ambao wakubwa wa wakati ule hawakuwaona wa kukaa nao, wakiwemo waliotoka utumwani. Walikuwapo waliochukizwa. Hakuhitaji neno la kigeni kulielewa analolifanya.

Kilichonifunza zaidi ni kuwapa watoto karatasi wachore shule na njia zake, watie alama nyekundu wanapoogopa. Mimi nilitarajia gati na vyoo. Alama nyingi ziliangukia kichochoro kati ya skuli na chuo cha Kurani, saa ya alasiri. Mtoto wa Lamu ana siku mbili ndani ya siku moja: asubuhi skuli, jioni chuo. Mipango yetu yote ya usalama huishia getini.

Binti mmoja mwenye kifafa alikaa na mama yake wakaandika kadi kwa Kiswahili chepesi: *Nikianguka nilaze ubavu. Usinitie kitu mdomoni. Angalia saa. Zikipita dakika tano nipeleke hospitali. Kisha nifunike, naona haya.* Nakala moja alipewa mwalimu wa darasa, ya pili maalim wa chuo. Ya tatu ilikuwa ya nahodha anayewavusha kila siku, mzee ambaye hakusoma skuli. Yule binti aliifikiria usiku mzima, akaiandika upya kwa herufi za Kiarabu, zile ambazo mzee alizisoma chuoni utotoni. Nahodha aliisoma kwa sauti, taratibu, akaikunja, akaiweka pamoja na majaketi.